Mbunge asema, mtangazaji aulizwa

Agosti 2013, vita vya waasi wa M23 vikiwa bado vinanguruma karibu na Goma, mbunge wa taifa Muhindo Nzangi aliingia studio ya redio moja ya mji huo akazungumzia vita hivyo bila kumung'unya maneno: jinsi serikali ilivyoviendesha, na jinsi MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, walivyovitazama. Hakuwa mpinzani. Chama chake, MSR, kilikuwa ndani ya muungano uliomuunga mkono Rais Joseph Kabila. Hilo halikumwokoa. Siku chache baadaye alifikishwa mbele ya Mahakama ya Juu mjini Kinshasa, na mwezi huo haukuisha kabla hajahukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa kuhatarisha usalama wa taifa.

Siasa ya Kongo ina mizunguko yake. Wapiga kura wa Goma walimrudisha Nzangi bungeni katika uchaguzi wa 2018, na Aprili 2021 akateuliwa waziri wa elimu ya juu. Hata mwezi haujatimia, majimbo ya mashariki ya Kivu ya Kaskazini na Ituri yakawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na wakuu wa jeshi wakapewa uwezo wa kupiga marufuku chapisho lolote wanaloona linachochea vurugu. Mtu aliyefungwa kwa maneno ya redioni sasa alikuwa mjumbe wa baraza la mawaziri la nchi iliyokuwa inabana redio za kwao.

Kesi yake iliweka wazi jambo ambalo watu wa redio wa Butembo na Beni, miji ya Kivu ya Kaskazini, wanaishi nalo kila siku: maneno yaleyale yana bei tofauti kulingana na mahali yanaposemewa. Ibara ya 107 ya Katiba ya 2006 inasema mbunge hawezi kufuatiliwa, kukamatwa wala kuhukumiwa kwa sababu ya maoni au kura aliyotoa katika kazi yake. Akiwa amesimama ndani ya Palais du Peuple, jengo la Bunge, amelindwa. Akiwa studio, mabishano yanaanza: je, hapo ni mbunge kazini, au ni mwanasiasa tu? Ibara hiyohiyo imeacha mlango kwa mtu anayedaiwa kukutwa akitenda kosa. Mtangazaji aliyemkaribisha, kwa upande wake, hana kinga ndani wala nje.

Kwa hiyo mjadala wa uwajibikaji wa vyombo vya habari, ambao Kinshasa unaendeshwa kwa suti na tai, huku mashariki una sura nyingine. Mara nyingi kosa linalodaiwa kutendwa na redio lilianzia kinywani mwa mtu aliyechaguliwa na wananchi.

Butembo na Beni zimetenganishwa na barabara ya kilomita 54. Katika ukanda huo redio ndiyo gazeti, ndiyo ubao wa matangazo, ndiyo baraza. Gazeti la Kinshasa likifika, limekuja kwa ndege na habari zake zimeshapoa. Ipo Redio Moto ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni, ipo Radio Télévision Graben ya Beni, ipo Redio Muungano ya Oicha, makao makuu ya wilaya ya Beni, na nyingine nyingi za makanisa, za jumuiya, za wafanyabiashara na za wanasiasa. Juu yazo zote inasikika Radio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Fondation Hirondelle la Uswisi, ambayo Kiswahili ni kimoja kati ya lugha zake tano.

Bunge la taifa hukaa vikao viwili vya kawaida kwa mwaka: kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, na kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ya vikao mbunge hurudi kwa waliomchagua. Wenyewe wanaita restitution: kuwarudishia watu habari ya yaliyofanyika Kinshasa. Anaweza kuita mkutano uwanjani ikiwa meya atamruhusu, jambo ambalo chini ya wanajeshi si la uhakika. Njia nyepesi ni redio.

Tazama kipindi cha namna hiyo kinavyoendeshwa. Chumba ni kidogo, madirisha yamezibwa kwa mapazia mazito au magodoro ili kelele za pikipiki zisiingie. Mezani kuna maikrofoni mbili au tatu, na simu ya mkononi iliyowekwa spika imelazwa mbele ya mojawapo. Nyuma ya kioo fundi wa mitambo ameweka jicho moja kwenye saa na jingine kwenye mafuta ya jenereta. Mtangazaji anamwita mgeni wake Honorable, kama kila mtu anavyomwita. Nusu saa ya kwanza ni ya mheshimiwa. Kisha laini inafunguliwa. Mmoja anapiga kutoka Vulamba, mwingine Bulengera, mwingine ameficha jina kabisa. Barabara imekufa, kodi zimezidi sokoni, watu wanauawa mashambani upande wa Eringeti na jeshi limelala. Anayepiga anasema chochote, na kinaruka hewani papo hapo. Vituo vingi vidogo havina ile mitambo ya kuchelewesha sauti kwa sekunde kadhaa ili neno la hatari likatwe. Kinachobaki ni kidole cha fundi.

Na kuna pesa. Waandishi wengi wa habari wa Kongo wanalipwa kidogo mno, wengine hawalipwi kabisa, na kinachowaweka mjini ni kile wanachokiita coupage, yaani fedha anayotoa mwenye habari ili habari yake iende. Mbunge anayekuja studio mara nyingi ndiye anayelipia muda wa hewani, na wapo wanasiasa ambao ndio wenye kituo chenyewe. Ndiyo maana unaposikia mwanasiasa analaumu waandishi kwa kukosa maadili, inafaa kuuliza kwanza ni bahasha ya nani iliyopita mezani. Chama cha waandishi, UNPC, na kile chombo chao cha kujisimamia, OMEC, vimekemea coupage kwa miaka mingi. Kukemea hakulipi kodi ya nyumba.

Hapa lazima isemwe pia, kwa haki, kwamba wabunge wa ukanda huu wana sababu nzito za kupiga kelele. Mauaji ya raia katika wilaya ya Beni yalianza kwa wingi Oktoba 2014, na hayajakoma. Mbunge anayechaguliwa hapa hachaguliwi kwa sababu ya sera za uchumi. Anachaguliwa aende akaulize kwa nini watu wanakufa. Tembos Yotama, mmoja wa waliopelekwa Kinshasa na wapiga kura wa Butembo, alitokea Véranda Mutsanga, kundi la shinikizo la mtaani lililokuwa maarufu kwa kuikosoa serikali hadharani.

Akifika Kinshasa, mbunge anakuta zana alizopewa na ibara ya 138: swali la mdomo au la maandishi, lenye mjadala au lisilo nao, swali la mambo ya siku, kumwita waziri ahojiwe, tume ya uchunguzi, kusikilizwa mbele ya kamati. Kwenye karatasi ni nyingi. Katika matumizi, swali la mdomo linaandikwa, linapelekwa kwenye ofisi ya Bunge, linasubiri kupangiwa siku na wakuu wa makundi ya kisiasa, na linaweza kusubiri hadi kikao kifungwe. Likibahatika kufika kwenye kikao cha wote, waziri anasoma maelezo, wabunge wanamuuliza, naye huomba saa 48 akatafute majibu. Linapogusa jeshi, mara nyingi milango hufungwa na waandishi wanatolewa nje. Wabunge ni 500. Wale wa Butembo na Beni ni wachache katika bahari hiyo.

Ndiyo sababu swali lilelile, likishindwa kupata siku Kinshasa, linaonekana tena studio, safari hii bila waziri wa kulijibu.

Hakuna kipindi kilichoonyesha hatari ya jambo hilo kama Ebola. Ugonjwa ulitangazwa rasmi 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na ulipotangazwa kwisha 25 Juni 2020 ulikuwa umeacha wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Watafiti waliohoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo mwezi Septemba 2018 waligundua kwamba mtu mmoja kati ya wanne hakuamini kuwa Ebola ipo. Waliosema wanaamini uongozi wa mahali pao hawakufika theluthi moja. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la tiba la Lancet Infectious Diseases.

Shaka hiyo haikuota yenyewe. Watu waliozoea kuona wauaji wakipita karibu na kambi za jeshi walijiuliza kwa nini dunia nzima imekuja na magari meupe kwa ajili ya homa, ilhali kwa panga hakuja mtu. Wapo wanasiasa waliolichukua swali hilo la haki na kulijibu redioni kwa uongo: kwamba ugonjwa umetengenezwa, kwamba ni mpango wa kuwamaliza watu wa hapa. Kisha, 26 Desemba 2018, tume ya uchaguzi CENI ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019, ikitaja Ebola na usalama. Rais mpya angeapishwa Januari. Kura za watu zaidi ya milioni moja zikawa hazina kazi katika kumchagua. Siku ya uchaguzi wa nchi, 30 Desemba, wakaaji wa Beni walijipanga mistari wakapiga kura yao wenyewe ya mfano. Baada ya hapo, ungemwambia nani kwamba Ebola haina siasa?

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani kutoka Cameroon, Richard Mouzoko, alipigwa risasi akiwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Na usiku wa kuamkia 3 Novemba 2019, huko Lwemba katika wilaya ya Mambasa, ng'ambo ya mpaka wa Ituri, mtangazaji wa redio ya jumuiya Papy Mumbere Mahamba aliuawa kwa kisu nyumbani kwake na nyumba ikachomwa. Alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakiwaeleza wasikilizaji namna ya kujikinga na ugonjwa.

Wanasiasa walioeneza uvumi waliendelea na siasa zao. Katika hesabu ya uwajibikaji, jina la Mahamba linapaswa kuandikwa kabla ya hotuba yoyote kuhusu waandishi wasiowajibika.

Mfano mwingine ulikuja miaka mitatu baadaye, na safari hii msemaji alikuwa mkubwa zaidi. Tarehe 15 Julai 2022 spika wa Seneti, Modeste Bahati Lukwebo, akiwa Goma, aliwaambia MONUSCO hadharani wafungashe virago. Siku kumi baadaye Goma ililipuka kwa maandamano, na 26 Julai ikawa zamu ya Butembo. Kambi ya Umoja wa Mataifa ilishambuliwa. Mwanajeshi mmoja wa Morocco na polisi wawili wa India waliuawa pale, pamoja na raia kadhaa. Haitakuwa haki kusema sentensi moja ya spika ndiyo iliyowasha moto wote huo, maana hasira ilikuwa imelimbikizwa kwa miaka. Lakini tazama nani aliyeondoka. Agosti, serikali ilimtaka msemaji wa MONUSCO, Mathias Gillmann, atoke nchini kwa sababu ya maneno aliyoyasema kwenye chombo cha habari kuhusu uwezo mdogo wa kikosi hicho mbele ya M23. Bahati alibaki kwenye kiti chake.

Turudi nyuma kidogo, kwenye utawala wa kijeshi wenyewe, maana hapo ndipo mambo ya mbunge na ya redio yalifungwa kwenye kamba moja. Ulitangazwa 3 Mei 2021 na kuanza 6 Mei. Liwali Carly Nzanzu Kasivita akampisha Luteni Jenerali Constant Ndima. Mameya wa Butembo na Beni wakawa maofisa wa polisi. Bunge la jimbo likasimamishwa. Wabunge wa jimbo walibaki na cheo, lakini bila ukumbi, bila ajenda, bila mtu wa kumhoji. Kwao maikrofoni ya redio ilikuwa ndiyo jukwaa la mwisho lililobaki.

Mwaka 2022 wawili kati yao kutoka upande wa Beni, Jean-Paul Ngahangondi na Alain Siwako, walikamatwa na vyombo vya sheria vya kijeshi baada ya kuukosoa utawala huo. Amnesty International iliitaja mikasa ya namna hiyo katika ripoti yake ya Mei mwaka huo kuhusu haki na uhuru katika majimbo hayo mawili. Wanaharakati zaidi ya kumi wa kundi la kiraia la LUCHA, waliokamatwa Beni Novemba 2021 kwa kupinga utawala huohuo, walikuwa tayari wamehukumiwa miezi 12 na mahakama ya kijeshi. Mtangazaji aliyekuwa akiona haya yote kutoka dirishani pake hakuhitaji barua ya onyo.

Katika Kinshasa wabunge wa taifa walikuwa na kazi nyingine. Utawala wa kijeshi, kwa Katiba, hudumu siku 30, kisha unarefushwa kwa siku 15 kila mara kwa idhini ya Bunge. Fanya hesabu: mara 24 kwa mwaka, au karibu hivyo. Mwanzoni mjadala ulikuwa mkali. Kamati ya ulinzi na usalama ilifanya tathmini mwaka huohuo wa 2021, na wabunge wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walisimama kueleza kuwa mauaji yanaendelea ilhali mdomo wa raia umefungwa. Baadhi yao walifikia hatua ya kususia vikao vya kura hiyo. Kura ikapita bila wao. Ikapita tena. Kwa kweli hiki ndicho kipande cha kusikitisha zaidi katika rekodi ya bunge hilo: jambo zito kuliko yote kwa watu wa Beni liligeuka kuwa kazi ya kugonga muhuri kila wiki mbili. Mkutano wa tathmini ulioitishwa Kinshasa Agosti 2023 haukuufuta, na Oktoba Rais Félix Tshisekedi alitangaza kuulegeza kidogokidogo. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, makao ya jimbo yalihamishiwa Beni chini ya liwali mpya wa kijeshi, Meja Jenerali Évariste Somo Kakule. Sasa redio za Beni ni jirani na mamlaka yenyewe.

Sheria ya vyombo vya habari nayo ina hadithi yake, na ni fupi kuliko inavyopaswa. Kwa zaidi ya robo karne nchi ilitumia sheria ya 22 Juni 1996, iliyotungwa wakati bado inaitwa Zaire. Januari 2022 wanahabari wa nchi nzima walikutana Kinshasa katika kikao kikuu cha sekta yao, wakiitwa na waziri Patrick Muyaya, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa habari na kisha mbunge. Walipendekeza sheria mpya. Ilipatikana 13 Machi 2023, pamoja na sheria nyingine ya siku hiyohiyo kuhusu mambo ya dijitali. Zote mbili zilisainiwa na Rais. Hazikupita kifungu kwa kifungu mbele ya wabunge, kwa sababu ibara ya 129 inairuhusu serikali kuliomba Bunge ruhusa ya kutunga sheria kwa muda maalum, na Bunge lilitoa ruhusa hiyo.

Maana yake ni kwamba mbunge wa Butembo hakupata nafasi ya kusimama na kuuliza kifungu fulani kitafanya nini kwa redio ya Oicha. Na vifungu vya kuulizia vilikuwepo. Kifungu cha 360 cha sheria ya dijitali kinamwadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu kwenye mitandao ya kijamii: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, faini ya faranga 500,000 hadi milioni moja, au kimojawapo. Anayezua na anayerudia wamewekwa kapu moja.

Haikuchukua hata miezi sita sheria hizo zikatumika dhidi ya mwandishi. Julai 2023 mbunge wa upinzani na waziri wa zamani Chérubin Okende alikutwa amekufa ndani ya gari lake Kinshasa. Jarida la Jeune Afrique likachapisha makala, bila jina la mwandishi, iliyogusa idara ya ujasusi wa kijeshi. Tarehe 8 Septemba mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa katika uwanja wa ndege wa N'djili. Alikaa miezi sita katika gereza la Makala, akahukumiwa Machi 2024 kifungo cha miezi sita na faini ya faranga milioni moja, akatoka kwa kuwa muda huo alikuwa ameshautumikia. Kati ya vifungu alivyosomewa, vilikuwemo vya sheria zote mbili za 13 Machi. Wabunge ambao mwenzao ndiye aliyekufa walikuwa wamekwisha kukabidhi kalamu.

Anayesimamia nidhamu ya hewani ni CSAC, baraza lililotajwa na Katiba na kuundwa kwa sheria ya 10 Januari 2011. Ni baraza ambalo limewahi kuzima hata Radio Okapi: Desemba 2012 kituo hicho kilisimamishwa kwa siku nne baada ya kurusha mahojiano na M23. Februari 2024, M23 wakisonga mbele tena, CSAC ilivitaka vyombo vya habari visirushe vipindi vya simu juu ya operesheni za jeshi zinazoendelea, wala mijadala juu ya jeshi bila mtaalamu wa mambo hayo au mwanajeshi kuwepo studioni. Rudi sasa kwenye kile chumba kidogo chenye mapazia. Mbunge amefika, laini imefunguliwa, mtu wa kwanza anapiga kutoka Oicha. Ataulizia nini kama si jeshi? Kwa maelekezo hayo, mkaaji ameuliza, mbunge amejibu kama ilivyo kazi yake, na kituo ndicho kilichokosea.

Hofu ya namna hii si ya Kongo pekee. Tanzania, Januari 2016, waziri wa habari Nape Nnauye alilitangazia Bunge kwamba televisheni ya taifa haitaonyesha tena vikao vyote moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Wapinzani waliona njama ya kuwanyima wananchi sauti za wabunge wao. Machi 2017 Nape, baada ya kuondolewa uwaziri, alitaka kuongea na waandishi jijini Dar es Salaam. Mtu mwenye bastola akamzuia mbele ya kamera. Kisa hicho kinachekesha na kutisha kwa pamoja. Alirudi uwaziri Januari 2022, na mwaka uliofuata ndiye aliyesimamia marekebisho ya kulegeza sheria ya vyombo vya habari ya 2016, sheria iliyopitishwa yeye mwenyewe akiwa waziri.

Mahakama za haki za binadamu, kwa upande wao, zimeshalijadili swali la mtangazaji na maneno ya mgeni wake. Mwaka 1994, katika kesi ya Jersild, Mahakama ya Ulaya ilisema Denmark ilikosea kumwadhibu mwandishi wa televisheni kwa maneno ya kibaguzi yaliyosemwa na vijana aliowahoji, kwani kumwadhibu anayesaidia kufikisha maneno ya mwingine kunaua mjadala wa mambo ya umma. Desemba 2014 Mahakama ya Afrika, ile ya Arusha, iliamua katika kesi ya Konaté kwamba Burkina Faso ilivuka mpaka kumfunga mwandishi kwa kashfa. Uamuzi huo wa pili unagusa moja kwa moja nchi kama Kongo, ambako kashfa bado ni kosa la jinai.

Misingi hiyo haimpi mtangazaji ruhusa ya kulala. Kituo kinachomruhusu mheshimiwa aseme Ebola ni uongo bila kumuuliza ushahidi, kisha kikapokea bahasha yake na kusema kwaheri, kimeshiriki. Katika Butembo ya 2018 zilikuwepo redio zilizoleta daktari kesho yake, na zilikuwepo ambazo hazikuleta mtu. Haki ya kujibu imo katika sheria za Kongo walau tangu ile ya 1996. Anayetajwa vibaya anaweza kudai nafasi yake. Redio inayoitoa kabla ya kudaiwa inakuwa na hoja ya kusimamia siku maofisa wanapobisha hodi. Na kuhifadhi sauti ya kipindi kizima, hata kwenye simu, ni kinga ya bei rahisi: kesi nyingi za maneno hujengwa juu ya kipande kilichokatwa na kupitishwa WhatsApp.

Kuhusu mbunge, ibara ya 130 inampa kila mmoja wao haki ya kupeleka pendekezo la sheria bila kumsubiri waziri. Mwakilishi wa Beni au Butembo anayetaka kifungu cha 360 kimtenganishe anayezua na anayerudia, au anayetaka iandikwe waziwazi kwamba redio iliyorusha maneno ya mteule wa wananchi kama yalivyo na kumpa mwingine nafasi ya kujibu haishtakiwi kwa maneno hayo, anaweza kuliandika na kulikabidhi kwa ofisi ya Bunge. Kikao cha Septemba kwa kawaida humezwa na bajeti, kwa hiyo kinachofaa ni cha Machi. Pendekezo hupelekwa kwanza kwa serikali, ambayo ina siku 15 za kutoa maoni. Siku hizo zikipita bila jibu, Bunge linaruhusiwa kuendelea na mjadala.